Nani Alikata Jiwe?

Ukiigeuza bruchi hii hukuti kitu mgongoni. Kuna pini iliyolehemiwa, mikwaruzo ya miaka, na alama ya tupa ambayo fundi hakujisumbua kuifuta kwa kuwa alijua itakaa upande wa nguo. Hakuna jina wala muhuri. Mbele yupo kiumbe nusu mtu nusu ndege, mbawa kazikunjua, mkia kautandaza, na kila unyoya wake ni kisu. Wazuni humwita Achiyalatopa. Madukani anauzwa kwa jina la Kiingereza lenye maana ya Mbawa-za-Visu. Mbawa ni feruzi, kiwiliwili ni jeti nyeusi, uso ni gamba la chaza, na kiunoni ana mkanda wa marijani usiozidi upana wa punje ya mchele. Vyote vimepachikwa ndani ya fedha, na kitu kizima kinaenea kwenye kisanduku cha kiberiti.

Niliinunua Gallup, mji wa reli na maduka ya rehani huko New Mexico, kusini-magharibi mwa Marekani. Mwenye duka aliniuzia kwa bei ya chini kuliko nilivyotarajia, na sababu aliitoa bila kuulizwa: ni kazi ya Zuni, ya miaka ya 1940, nzuri, lakini haina jina. Angekuwa na uhakika kwamba jiwe lilikatwa na Lambert Homer, akasema, angeiweka kwenye kabati la kioo na bei ingekuwa mara kumi. Bruchi ingekuwa ileile, mawe yaleyale, fedha ileile. Hiyo "lakini" yake ndiyo ninayotaka kuigeuza hapa kama nilivyoigeuza bruchi, maana nadhani imeharibu namna tunavyozitazama kazi hizi, na njiani imewadhulumu watu.

Zuni yenyewe iko chini ya saa moja kwa gari kusini ya Gallup. Ni mji wa takriban watu 10,000, wanaojiita A:shiwi, na lugha yao haina ndugu yeyote anayejulikana duniani. Upande wa kusini-mashariki umesimama Dowa Yalanne, mlima wa kilele bapa wenye matabaka ya mwamba mwekundu na mweupe, na mtu aliyekwisha kuutazama jua likizama hashangai kwamba watu wa hapa walijifunza kupanga rangi mojamoja ubavuni mwa nyingine. Mimi naishi Albuquerque, mwendo wa saa mbili na nusu hivi, ambako kazi yangu ni kuwatafsiria Wakongo waliohamia kule wanapokwenda kliniki na shuleni kwa watoto. Zuni naenda siku za mapumziko. Si mtaalamu wa vito. Nimetazama tu, kwa miaka kadhaa, kwa macho ya mtu aliyekulia pwani na lugha yenye maneno ya kufaa.

Maana Kiswahili kinatosha hapa kuliko nilivyodhani. Kazi ya kupachika kitu cha thamani ndani ya kitu kingine mpaka uso uwe mmoja tunaiita njumu. Babu zetu waliitumia kwenye masanduku, mialamu na samani. Turquoise ni feruzi, na kule matumbawe mekundu ni marijani. Tuna hata wajomba wenye majina hayo: Feruzi, Marijani, Almasi, majina ambayo zamani walipewa watumwa, kana kwamba mtu naye ni kipande cha kuvaliwa na mwingine. Halafu kuna neno fedha, ambalo kwetu ni madini na ni pesa kwa pamoja. Wafuaji wa kwanza wa New Mexico waliyeyusha dola za Marekani na peso za Mexico ili wapate bangili. Walifua fedha kutoka kwenye fedha. Kiingereza kinahitaji sentensi mbili kulisema hilo.

Sasa tuitazame kazi. Fundi wa mawe huanza na bonge la feruzi ambalo kwa nje linaweza kufanana na kipande cha udongo mkavu. Hulipasua vipande vyembamba, huchora umbo, kisha huligandisha pande la jiwe kwenye ncha ya kijiti kwa nta ili vidole visisagwe nalo. Hulisogeza kwenye gurudumu, hulitoa, hulijaribu kwenye nafasi yake, hulirudisha, mara ishirini kwa kipande kimoja. Kabla umeme haujafika, gurudumu hilo lilizungushwa kwa mkono au kwa mguu, na mara nyingi aliyelizungusha hakuwa yeye aliyeshika jiwe. Vipande vikikamilika hutiwa gundi, na uso mzima husagwa na kung'arishwa kwa pamoja.

Hapo ndipo penye mtihani ambao picha haiwezi kuuonyesha. Feruzi nzuri ni ngumu. Jeti, ambayo ni ndugu wa makaa ya mawe, ni laini. Gamba na marijani viko katikati. Ukivipitisha vyote kwenye gurudumu moja kwa nguvu moja, kilicho laini huliwa haraka, na uso unabaki na mabonde. Kwa hiyo ukitaka kuijua njumu ya Zuni, usianze na jicho. Funga macho, pitisha ncha ya kidole kutoka kwenye ubawa hadi kwenye kiwiliwili. Katika bruchi hii kidole changu hakijui ni wapi bluu imeishia na nyeusi imeanza. Aliyefanya hivyo alikuwa akipunguza mkono sehemu moja na kuuongeza nyingine, ndani ya nafasi isiyofika nusu ya ukucha, bila kipimo chochote isipokuwa sauti ya jiwe kwenye gurudumu.

Wakusanyaji wanapenda kusifu kazi ambayo maungo yake hayaonekani kabisa. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Zipo njumu ambazo kila jiwe limezungushiwa ukuta mwembamba wa fedha, na hizo kuta zinaonekana waziwazi, zinang'aa, zinalitenga jiwe na jiwe kama matuta ya shamba. Na zipo zile zisizo na ukuta, jiwe likibusu jiwe. Njia ya pili ni ngumu zaidi, ni kweli, lakini ugumu si uzuri. Nimeona ndege aliyepangwa bila ukuta hata mmoja, fundi akiwa hodari hasa, na ndege mwenyewe amekufa, kama picha ya kwenye kalenda. Na nimeona uso wa jua wenye kuta nene za fedha, miale yake imepinda kidogo upande mmoja, na nikarudi kuutazama mara tatu. Kinachonivuta ni uamuzi: hapa rangi zigongane, hapa zipumzike. Kwenye bruchi yangu, ile punje ya marijani ndiyo inayofanya kazi yote. Iondoe, na unabaki na kiumbe wa huzuni.

Yapo pia mambo ambayo hayanigusi, na afadhali niyaseme. Kazi maarufu kabisa ya Zuni si njumu bali ni ile ya vijiwe vidogo vyembamba kama sindano, makumi kwa makumi, kila kimoja ndani ya kikombe chake cha fedha, vikipangwa kuwa duara kama miale. Wanaoifanya ni mabingwa, Edith Tsabetsaye akiwa mmoja wa wanaotajwa kwanza. Naiheshimu. Lakini mbele ya mikufu hiyo nahesabu, na ninapohesabu nimekwisha acha kutazama. Kazi hiyo pia ilitegemea sana feruzi safi ya bluu ya anga, isiyo na mishipa, kutoka mgodi wa Sleeping Beauty kule Arizona. Mgodi huo ulisimamisha uchimbaji wa feruzi mwaka 2012, na jiwe lililokuwa la kawaida likawa la kutafutwa. Njumu huvumilia zaidi. Ina nafasi ya jiwe lenye mshipa, la kijani, hata lenye doa, kwa sababu doa linaweza kugeuzwa jicho.

Turudi kwenye jina. Njumu ni ya kale kuliko fedha katika sehemu hizi, na wakati huo haikuwa na mwenye jina. Kati ya 1917 na 1923 Frederick Webb Hodge alichimba Hawikku, kijiji cha kale cha Wazuni, na miongoni mwa vitu vilivyotoka ardhini kulikuwa na vitana vya kuchomeka kwenye nywele vilivyopambwa kwa vipande vya feruzi na jeti vilivyobandikwa kwa utomvu wa msonobari. Makusanyo hayo sasa yako katika jumba la kitaifa la makumbusho ya wenyeji wa Amerika. Mtu anayeijua kazi ya leo akiona vitana hivyo anamtambua bibi wa bruchi yangu: tofauti ya bluu na nyeusi, ukingo uliochongwa kwa subira, uso uliosawazishwa.

Hawikku hiyohiyo ndipo alipofika, mwaka 1539, mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo ya bahari, naye alikuwa Mwafrika: mtumwa kutoka Azemmour nchini Morocco, ambaye Wahispania walimwita Estevan. Aliuawa pale. Kasisi aliyekuwa nyuma yake alirudi Mexico na habari za milango iliyopambwa kwa feruzi, na mwaka uliofuata Coronado akaja na jeshi akitafuta dhahabu ambayo haikuwepo. Feruzi, basi, ilikuwa sifa ya Zuni kwa zaidi ya miaka 300 kabla mtu yeyote wa huko hajalehemu kipande cha fedha.

Fedha ilikuja kwa urafiki. Karibu mwaka 1872 mfuaji wa Kinavajo, Atsidi Chon, alikuja kuishi Zuni na akamfundisha rafiki yake Lanyade. Tunalijua hilo kwa sababu Lanyade aliishi mpaka uzeeni akamsimulia John Adair, ambaye alichapisha kitabu chake juu ya wafua fedha wa Kinavajo na wa Pueblo mwaka 1944. Napenda kwamba historia hii inaanza na watu wawili wa mataifa mawili wakiwa kwenye fuawe moja, kwa sababu ndivyo ilivyoendelea. Mnavajo alikuwa na nyundo, Mzuni alikuwa na jiwe.

Hata kazi zinazopatia bei kubwa leo ziliundwa hivyo. C. G. Wallace, mfanyabiashara aliyekuwa na duka Zuni tangu miaka ya 1920, alikuwa akimpa fundi mmoja mawe na mwingine fedha. Njumu ya Lambert Homer ilitiwa kwenye fedha iliyofuliwa na Roger Skeet, Mnavajo. Nyuso na ndege waliokatwa na Teddy Weahkee au Leo Poblano walizungushiwa fedha na watu wengine. Mteja alipokea bangili moja, duka lilijua mikono miwili, na mara nyingi kulikuwa na mkono wa tatu na wa nne ambao hata duka halikuuandika. Wallace aliwagawia wateja wake majina. Mengi tunayoyajua ya enzi hiyo yametufikia kupitia yeye. Sehemu ya mkusanyiko wake iko Heard Museum mjini Phoenix. Sehemu nyingine Sotheby Parke Bernet waliipiga mnada Novemba 1975, wakati Marekani nzima ilikuwa imepata homa ya feruzi, na katalogi ya mnada huo ikawa kama msahafu. Mpaka leo muuzaji wa Gallup akitaka kukushawishi anaifungua.

Sina chuki na Wallace. Bila yeye tungekuwa na vitu vingi visivyo na mtu kabisa, kama bruchi yangu. Lakini tazama kilichotokea kwa njia ya jina. Soko la sanaa la Marekani linajua kumlipa mtu mmoja: mchoraji, sahihi kwenye kona. Likakuta kazi iliyofanywa na nyumba nzima, likaiuliza nani aliifanya, na nyumba, kwa adabu, ikamtoa mtu mmoja mlangoni. Mara nyingi alikuwa mwanamume.

Hapa naona dhuluma hasa. Zuni ni jamii ya ukoo wa mama. Nyumba ni ya mwanamke, mume huhamia kwake. Meza ya kazi iko jikoni kwake, dirishani penye mwanga. Della Casa Appa hutajwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Zuni kufua fedha, na baadaye wakawa wengi mno. Lakini kukata jiwe, kulisaga, kulipangilia rangi, mambo ambayo ndiyo njumu yenyewe, yangeweza kufanywa na mke, dada au mama mkwe kwa miaka na jina lake lisiandikwe popote, kwa kuwa alihesabiwa kuwa anamsaidia mumewe. Kusaidia! Katika bruchi ya njumu fedha ni fremu. Ni sawa na kusema aliyechora alimsaidia seremala wa fremu.

Chanda chema huvikwa pete, walisema wahenga wetu. Hawakutaja aliyeifua pete, sembuse aliyekata jiwe.

Nimewahi kusimama mbele ya kabati la kioo katika jumba moja ambalo sitalitaja, mkufu wa ajabu ukiwa umelazwa juu ya kitambaa cha kijivu, na kibao chini yake kikiwa na jina la mwanamume, mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, na maneno mawili matatu juu ya kipaji chake. Kipaji chake sikuwa na shaka nacho. Lakini katika mkufu huo mawe yalikuwa yanasema lugha mbili. Upande wa kushoto aliyekata alipenda kona kali. Upande wa kulia kona zilikuwa zimelainishwa kidogo, na jeti ilikuwa imeachwa nene zaidi. Ilikuwa wazi kama miandiko miwili kwenye barua moja. Nilimwuliza mtu wa zamu. Alikuwa mpole, akaenda kuuliza, akarudi na jibu kwamba mkufu ni wa fundi fulani, imethibitishwa. Sikuwa nimeuliza hilo.

Sasa upo upande wa pili, na ni mzito, kwa hiyo siwezi kuupita mbio. Jina ni ngao. Soko la vito vya wenyeji wa Amerika limejaa bandia: plastiki iliyotiwa rangi ya feruzi, unga wa mawe uliogandishwa kwa gundi, nakala zilizotengenezwa viwandani mbali sana na zikauzwa kama kazi ya Zuni. Sheria ya mwaka 1990 ya sanaa na ufundi wa Wahindi wa Amerika inafanya kuwa kosa la jinai kukiuza kitu kwa kudai ni kazi ya wenyeji hao ilhali si yao. Adhabu inaweza kufika miaka mitano jela na faini ya dola 250,000 kwa kosa la kwanza la mtu binafsi. Mwaka 2018 mwenye maduka mmoja wa Albuquerque, mji ninamoishi, alihukumiwa miezi sita kwa kuuza vito vilivyotengenezwa Ufilipino kama kazi ya wenyeji. Miezi sita. Familia inayokaa wiki nzima juu ya bangili moja, kisha ikaiona ndugu yake wa kiwandani dirishani kwa robo ya bei, haihitaji mhakiki kutoka Tanga aje kuiambia kwamba sahihi ni jambo la ubinafsi. Inahitaji sahihi, na inahitaji iaminike.

Ninalodai, basi, halihusu kufuta majina. Nadai yaongezwe. Na Wazuni wenyewe wamekwisha kulifanya. Tangu miaka ya 1970, kuweka sahihi kulipoenea, kazi nyingi za Zuni zimebeba majina mawili mgongoni, mume na mke. Dennis na Nancy Edaakie, waliosifika kwa ndege wao wa njumu, walijulikana kwa majina yote mawili. Wanunuzi ndio wanaoyakata. Sikiliza watu wakizungumza mnadani: jina la kwanza linatajwa, la pili linamezwa.

Kuna jambo jingine ambalo "haina jina" inalifunika, nalo ni huyu kiumbe mwenyewe. Achiyalatopa si pambo lililobuniwa na mtu mmoja. Ni mmoja wa viumbe wa simulizi za Wazuni, na umbo lake lilikuwepo kabla ya fedha. Anayetajwa kwa kawaida kwamba alikuwa wa kwanza kumtengeneza kwa fedha ni Horace Iule, mwishoni mwa miaka ya 1920, na punde tu kila duka likamtaka. Je, Wazuni waliuza kitu kitakatifu? Wageni hupenda swali hilo, na mara nyingi huliuliza kwa sauti ya huruma ambayo ndani yake mna dharau kidogo.

Jibu langu linatoka kwenye mambo ambayo Wazuni hawakuuza. Wana sanamu za mbao ziitwazo Ahayu:da, ambazo huwekwa kwenye matambiko ya wazi ili jua na mvua vizile mpaka ziishe. Kwa sheria yao ni mali ya watu wote, hakuna mtu mwenye haki ya kuiuza hata moja, kwa hiyo iliyoko nje iliibiwa. Kuanzia 1978 viongozi wao wa dini walianza kuzidai kutoka kwenye majumba ya makumbusho na kwa wakusanyaji, Denver ikiwa miongoni mwa waliorudisha mapema, na nyingi zimerudi nyumbani zikaachwa zioze kama zilivyokusudiwa. Watu waliofanya hivyo wanajua vema mpaka ulipo kati ya cha kuuza na kisichouzwa. Ndani ya Zuni yenyewe wapo wanaonung'unika sura fulani za kinyago zinapoonekana kwenye pete, na wapo wanaojibu kwamba pete ni pete. Mabishano hayo ni yao. Mimi kama mtazamaji naweza kusema tu kwamba bruchi yangu inanipa kiumbe asiye na maelezo. Sijui anasema nini, na haijafanywa ili nijue. Iliyofanywa kwa ajili yangu ni ile bluu, ile nyeusi, na mkanda mwekundu.

Leo Poblano, ambaye mikono yake ilikata baadhi ya njumu bora kabisa za karne iliyopita, alikufa mwaka 1959 akizima moto wa msitu huko California. Nalitaja kwa sababu linasahihisha picha tuliyo nayo ya fundi kama mtu wa meza na taa tu. Vito havikutosha kumlisha. Alikuwa mkubwa kwa vipimo vya Sotheby na bado alihitaji ujira wa kwenda kupambana na moto. Bei iliyotajwa mnadani mwaka 1975 haikwenda kwenye jiko lolote la Zuni. Ilikwenda kwa waliokuwa wamenunua mapema. Na ile bei mara kumi ya mwenye duka wa Gallup, kama kweli bruchi yangu ingekuwa ya Lambert Homer, nayo isingefika kwa Homer wala kwa Skeet wala kwa aliyezungusha gurudumu. Jina huongeza thamani likiwa limekwisha kuachana na mtu.

Ndiyo maana siku hizi nanunua, nikiweza, Zuni kwenyewe, kwa waliokata mawe. Si mara nyingi. Mfuko wa mfasiri unajulikana. Machi iliyopita nilinunua herini kwa mama mmoja wa makamo, jua dogo la njumu kila upande, feruzi ya kijani yenye mishipa, jeti machoni. Meza yake ilikuwa na msasa wa daraja nne, kopo la vijiti vyenye nta, redio, na bakuli la vipande vya gamba vilivyoshindikana. Nilimwomba aniandikie stakabadhi na ataje aliyefanya nini. Alinitazama kidogo, akacheka, akamwita mtu wa chumba cha pili kwa Kizuni, wakabishana. Kisha akaandika. Fedha: mume wake. Feruzi na gamba: yeye. Macho ya jeti: mkwe wake, mke wa kijana wake, kwa sababu ana mkono mwepesi na jeti huvunjika. Kung'arisha ilikuwa imefanywa na watu wawili kwa zamu, na hapo karatasi ikaisha, akaigeuza akaendelea nyuma.